Kona ya Samaki: Filta gani inatosha tenki la futi sita?

Mwezi huu barua karibu zote ni filta, filta, filta. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana naona watu wengi wameingia kwenye shimo hilohilo.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimechongesha tenki la futi 6 kwa 2 kwa 2 kwa fundi vioo nikaliweka sebuleni, ndani nina mbuna 35 mchanganyiko, wa njano, wa bluu na wale wa mistari, pamoja na wawili wa kunyonya vioo. Muuzaji alinipa filta moja ya kanista (ile ya kopo lililofungwa, inakaa nje ya tenki) imeandikwa lita 2000 kwa saa akasema hiyo inabeba mpaka tenki la lita 700 bila wasiwasi. Siku za kwanza maji yalikuwa safi kama ya kunywa, sasa wiki ya pili yana ukungu mweupe, mavi yanajikusanya kona ya kulia na asubuhi samaki wanapanda juu wanahema. Jirani anasema ninunue filta kubwa zaidi, mwingine anasema nijenge sampu (tenki la pili la chini linalochuja maji, pampu inayarudisha juu). Hela yenyewe sio ya kuchezea, nifanyeje? – Msomaji, Mbezi

JIBU: Salama kaka, na pole. Kabla hujatoa hata mia kwa ajili ya filta nyingine fanya haya leo hii: usiwape chakula siku mbili (hawafi, mbuna mzima anakaa wiki hajala na bado ana nguvu za kumfukuza mwenzake), toa theluthi ya maji uweke mapya yaliyotolewa klorini, halafu washa mashine ya mapovu humo ndani usiku na mchana. Samaki kukaa juu anahema maana yake pumzi haimtoshi, na mi nahisi shida yako ya kwanza sio udogo wa filta, shida ni kwamba filta yenyewe bado ni tupu.

Tupu namaanisha haina wakazi. Sponji na zile pete za seramiki ni nyumba tu, kazi inafanywa na bakteria wanaohamia humo. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea mashavuni anapohema na nyingine inatoka kwenye mavi na chakula kilichooza, bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, kundi la pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo nitrati ndo samaki wanaivumilia mpaka ubadilishe maji. Hao wakazi kujaa kwenye filta mpya ni wiki 4 mpaka 6, we umeshusha samaki 35 kwa mpigo. Ni sawa na kufungua gesti wageni wote wameshaingia vyumbani halafu shimo la choo ndo fundi anaanza kuchimba. Ule ukungu mweupe ni bakteria wengine wanaoelea wakila uchafu, utaisha wenyewe, usinunue dawa ya kusafisha maji.

Na mbuna wana balaa lao la ziada ambalo muuzaji hakukwambia. Hawa ni samaki wa Ziwa Nyasa, maji yao ni ya pH 8 hivi (pH ni kipimo cha uasidi wa maji, 7 ni katikati), na amonia ikiwa kwenye maji ya pH kubwa inakuwa kali zaidi. Kwenye maji ya nyuzi 28, ukiwa na pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1, ukipanda pH 8 inakuwa kama asilimia 6, yani uchafu uleule kiasi kilekile ila ukali karibu mara kumi. Kwa hiyo mtu mwenye goldifishi kwenye maji ya pH 7 anaweza kukuambia "mbona mi filta yangu ndogo na wako poa", muache, sio samaki wako wala maji yako. Joto letu nalo linachangia, maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabaki kama 7 na nusu, na hizo wanagawana samaki na bakteria wote pamoja.

Haya sasa tuje kwenye namba. Tenki lako ni sentimita 180 kwa 60 kwa 60, zidisha ugawe kwa 1000 unapata lita 648, ila hujalijaza mpaka ukingoni, una mchanga na una mawe (mbuna bila mawe sio mbuna), maji halisi humo ni kama lita 550. Kwa samaki wa kawaida wachache, filta ikizungusha maji yote mara 4 au 5 kwa saa inatosha. Kwa mbuna waliobanana kama wako, na wanabanana makusudi kwa sababu wakiwa wachache mbabe anamchagua mmoja anamuua, mi sishuki chini ya mara 7, nane ikiwezekana. Hapo unazungumzia lita 4000 na kitu kwa saa.

Ukiniambia "si ninayo ya 2000, naongeza ya 2000 biashara imeisha", subiri kidogo. Ile namba ya kwenye boksi ni ya pampu ikiwa haina kitu ndani, hakuna sponji, hakuna pete, hakuna mpira wa kupandishia maji. Kampuni zinazojiheshimu zinaandika namba mbili, kwa mfano ile Fluval FX6 pampu inatajwa lita 3500 kwa saa, lakini mzunguko halisi filta ikiwa imejazwa wanaandika 2130. Na hiyo ni filta ya bei mbaya. Hizi za bei zetu zinaandika namba moja tu, ile kubwa.

Usibishane na boksi, chukua ndoo ya lita 10. Toa ule mpira wa kurudishia maji, ulenge kwenye ndoo huku umeushikilia usawa wa maji ya tenki (ukiushusha chini utajidanganya maana maji yanateremka kwa kasi), mtu mwingine ashike simu apime sekunde. Chukua 36,000 gawa kwa sekunde ulizopata, hizo ndo lita zako kwa saa. Mi kanista yangu iliyoandikwa 2000 nikitoka kuiosha inajaza ndoo kwa sekunde 28, ambayo ni kama lita 1280. Baada ya miezi miwili bila kuigusa niliipima tena ikachukua sekunde 51, yani lita 700. Filta ileile. Ndo maana mavi yako yanalala kona ya kulia, hakuna mkondo unaofika huko.

Sasa ununue nini. Watu wengi wangekuambia uza hiyo nunua moja kubwa, mi nakataa, na sababu yangu kubwa ni umeme. Kanista ni kopo lililofungwa, umeme ukikatika maji humo ndani hayatembei, wale bakteria wanamaliza oksijeni iliyopo, ukiendelea kukatika masaa kadhaa wanaanza kufa na maji ya humo yanaoza kabisa. Umeme ukirudi saa nane usiku we umelala, filta inawaka yenyewe na ile supu yote inamwagwa kwa samaki. Mtu akiamka anakuta watatu wamelala ubavu anasema "umeme ulipanda kwa nguvu". Wapi, ni ile supu. Kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu chomoa plagi ya kanista, ukirudi fungua kopo kwanza, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tenki, ndo uwashe.

Ushauri wangu basi: bakia na hiyo kanista, iweke ivute kulia inyunyize kushoto. Ongeza ya pili ya saizi ileile au kubwa kidogo, ifanye kinyume chake. Halafu, na hili usiliruke hata kama ni rahisi mpaka linakutia aibu, weka filta mbili kubwa za sponji zile za kuendeshwa na mashine ya mapovu, moja kila kona ya nyuma. Sponji iko ndani ya maji ya tenki lenyewe, umeme ukikatika bakteria wake hawafungiwi kwenye kopo, na ile mashine ya mapovu ipo ya betri, au kama una inveta ndogo inakula wati 5 tu unaweza kuiendesha usiku kucha. Kanista mbili na mapovu hazikufikishi ile mara 8 kwa hesabu ya ndoo, najua, utacheza kwenye mara 5. Kile kinachopungua kizibe na pampu ndogo ya kusukuma maji tu, haina chujio, kazi yake ni kufukuza mavi kutoka kwenye mawe yaende kwenye midomo ya filta. Mzunguko na uchujaji ni vitu viwili na watu wanavichanganya, bakteria wanataka nafasi ya kukaa, na nafasi utakuwa nayo tele.

Umeme pia ufikirie kabla, kanista mbili za wati 25 ni wati 50 masaa 24, uniti 1.2 kwa siku, kama 36 kwa mwezi kwenye LUKU. Mke wako aambiwe mapema.

Na uanzishe filta mpya kwa kuiba sponji chafu kutoka kwa mtu mwenye tenki la muda mrefu na samaki wazima, ikamulie humo ndani. Nunua na ile testi ya matone, upime amonia na nitriti kila baada ya siku mbili mpaka zote zisome sifuri. Hata zikisoma sifuri maji utabadilisha kila wiki asilimia 30, kwa sababu nitrati hakuna kanista inayoiondoa.

SWALI: Mambo vipi. Mi nataka sampu kwa sababu nimeona ni rahisi kuliko kanista na inabeba vitu vingi. Tenki langu futi sita pia. Nina tenki la zamani la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 nataka liwe la chini. Maswali mawili, pampu ya lita ngapi, na hizo seramiki naona bei hazishikiki, naweza kutumia yale mawe meusi ya matundu matundu yamejaa tele huku kwetu? – Msomaji, Arusha

JIBU: Poa. Kwa hela uliyonayo sampu ndo mfalme wa filta, sibishi, ila inataka fundi mwenye akili timamu au we mwenyewe uwe na subira. Iko wazi juu kwa hiyo bakteria wanapata hewa, unaweka kitu chochote, unaosha bila kufungua makoki.

Mawe ya volkano ndiyo, tumia, tena uko sehemu nzuri. Yale mepesi yenye vitundu ni nyumba nzuri ya bakteria, yavunje saizi ya yai, yasuuze mpaka maji yatoke meupe (utasuuza mpaka uchoke), usiokote karibu na mashamba yanayopigwa dawa. Kitu kingine ambacho hakina heshima lakini kinafanya kazi ni madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo, yale ya nyavu sio ya chuma na sio yenye sabuni, yajaze chumba kizima. Mbele yao weka sponji nene ipokee mavi kwanza, vinginevyo mawe yatajaa matope ndani ya mwezi.

Pampu sasa. Angalia kwenye boksi pameandikwa H-max, huo ndo urefu ambao pampu ikifika haitoi hata tone. Kwa kukadiria, ukiwa nusu ya huo urefu unapata nusu ya maji. Pampu ya 4000 yenye H-max mita 3, ukiipandishia mita 1 na nusu kutoka sampu mpaka juu ya tenki, unabaki na 2000, halafu toa kidogo kwa ajili ya kila elbo. Kwa tenki lako tafuta ya 5500 au 6000 yenye H-max mita 3.5 kwenda juu.

Halafu kuna kitu hukuuliza na ndo kitakacholowesha nyumba. Umeme ukikatika, bomba la kurudishia maji linageuka kuwa mrija, linanyonya maji ya tenki kuyarudisha chini mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya maji, piga hesabu, 180 kwa 60 kwa 10 ni lita 108 zinashuka. Sampu yako nzima ni lita 144 na tayari lina maji! Mi mwaka wangu wa kwanza nilijengewa na fundi mmoja ambaye aliuzamisha mdomo mpaka katikati ya tenki "ili mkondo uwe mzuri", umeme ukakatika usiku nikaamshwa na viatu vinaelea. Mdomo uwe sentimita 2 tu chini ya maji, hapo zinashuka lita 21 au 22, ongeza na kile kidogo kinachobaki kwenye mabomba. Na toboa kitundu kidogo kwenye bomba hilo juu karibu na usawa wa maji kama bima, ukisafishe kila wiki maana konokono mmoja akiingia bima imeisha. Sampu likiwa linafanya kazi lisizidi sentimita 22 za maji, hiyo ni kama lita 80, zinabaki 60 za kupokea. Halafu siku ya majaribio usisubiri TANESCO, chomoa pampu mwenyewe ukiwa umesimama hapo na madekio, uone maji yanakomea wapi, weka alama kwa maka peni.

Kutoboa tenki kwa ajili ya bomba la kushushia maji, katoboe kwenye kioo ambacho sio cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto), cha tempa kinapasuka chote vipande vipande. Ile konekta wanayotumia mafundi bomba kwenye simtanki inafaa kabisa, inchi moja na nusu, usiweke ya inchi moja.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nina tenki la lita 300 la goldifishi, ndio wananipa utulivu. Kila mwisho wa mwezi naosha filta vizuri sana na sponji zake mpaka zinakuwa kama mpya, na kila baada ya kuosha siku ya pili ya tatu anakufa mmoja. Ni nini hiki? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Shikamoo mwalimu. Unaosha na maji ya bomba, sivyo? Basi hao wanaokufia wanakufa kwa usafi. Maji ya bomba yana klorini, imewekwa kuua bakteria, na inawaua hata hawa wa kwetu tunaowafuga. Ukisuuza sponji zote bombani mpaka ziwe kama mpya ni kweli zinakuwa mpya, unarudi siku ya kwanza kabisa na samaki wakubwa ndani. Nami nilishafanya hivyo, na nilitumia sabuni juu, sitaki hata kukumbuka.

Siku ya kubadilisha maji chota ndoo ya maji ya tenki lenyewe, kamua sponji humo mara tatu nne, ikitoka bado ina rangi ya chai iache, ni sawa kabisa. Na usioshe zote siku moja, leo sponji, baada ya wiki mbili zile pete, tena pete ni kuzitikisa tu. Maji ya kujazia yakinge kwenye pipa siku moja kabla na uweke kijiwe cha mapovu, au weka ile dawa ya kutoa klorini. Goldifishi anakula sana na anakunya sana mwalimu wangu, kwa hiyo punguza chakula kiwe kidogo mara moja kwa siku, hapo hata filta itachelewa kuziba.

SWALI: Dada yenu hapa, sampu letu linafanya kazi vizuri ila bomba la kushushia maji lina kelele kama mtu anavuta choo mchana na usiku. Mume anasema isipoisha tenki linahamia uani. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Msihamishe dada, uani jua litawapa maji ya kijani. Hizo kelele ni hewa inavutwa pamoja na maji kwenye bomba lililosimama wima likiwa mdomo wazi. Mwambie fundi aweke ti ya PVC (kiungo cha bomba chenye matundu matatu) juu ya hilo bomba, tundu la pembeni la ti liwekewe elbo inayotazama chini ndani ya maji, na juu ya ti azibe kwa kifuniko kilichotobolewa kitundu kimoja. Maji yataingia kwa chini na hewa itaingia kwa juu kwa kipimo. Msigundishe kifuniko, mtakuwa mnakitoa kukisafisha. Tundu anzeni na la milimita 2 au 3. Maji yakipanda na kushuka kama bahari, ongezeni kidogo kidogo kwa msumari wa moto mpaka yatulie, mkipitiliza kelele zinarudi na mtanunua kifuniko kingine.